Dakika Mbili za Kupoza Turbo

Baba Sekela,

Nisamehe. Nimekaa na barua hii kichwani tangu mahindi yakiwa mabichi, na sasa tumeshayapukuchua. Kwenye simu siwezi. Ukipiga unaanza na "gari vipi?", najibu "lipo," halafu mtandao wa huko Ndola, Zambia, unakatika, nabaki nimeshika simu kama mjinga.

Gari halipo kama nilivyosema. Nimelikosea.

Unakumbuka ulivyonifundisha kumwaga oili hapa uani? Mimi na tumbo la miezi saba nimekaa juu ya ndoo, wewe chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Spana ya kumi na saba, mke wangu. Siyo hiyo, hiyo ni ya kufungulia lori!" Ulisema mafundi wote wa Tunduma ni wa malori, gari la michezo lenye turbo ya kuipulizia injini hewa hawaliwezi, kwa hiyo ukiondoka fundi ni mimi. Nilicheka. Nilidhani la kuondoka unatania.

Na tangu siku za kwanza ulinionya: tukifika nyumbani usizime papo hapo, turbo ina moto, iache injini iungurume dakika mbili ipoe. Wewe si mtu wa maneno, lakini katika dakika zile ulikuwa unaongea. Humo ndimo nilimokwambia nina mimba. Ukasahau kuzima, tukaunguruma mpaka jirani akachungulia: "Nyie, mmepewa mafuta ya bure?"

Sasa kosa langu. Zamu ya kubadilisha oili ilipofika, ile inayolifaa gari hili sikuipata madukani. Dereva mmoja aliyekwama kwenye foleni ya mpakani akanipa ya lori lake. "Dada, hii inasukuma tani thelathini mpaka Kongo, itashindwa na kagari kako?" Nikaona ana akili. Hapa kwetu kila kitu tunakipima kwa lori. Nikamwaga, nikajaza, nikajisifu. Wiki ya pili, asubuhi za baridi, moshi wa bluu nyuma na mluzi ambao haukuwepo. Oili ile nimeshaitoa. Moshi haujaisha.

Wamekuja mafundi watatu. Wa kwanza kasema turbo imekufa. Wa pili kasema ni mabaki ya oili ile tu, yataungua yenyewe. Wa tatu anataka kuing'oa kabisa: "Liwe gari la kawaida, mama, upumzike." Nikamwambia ashushe mikono. Nikafungua bomba la hewa la turbo mwenyewe, Sekela mgongoni, nikagusa kile kifeni cha ndani. Kinacheza kidogo. Ulisema kikicheza kidogo ni kawaida, kikicheza sana imekwisha. Kidogo ni kiasi gani? Vidole vyangu havijui.

Na kuna linalonichanganya zaidi. Kila Jumamosi naliwasha hapahapa uani ili betri isife, na ingawa halijaenda popote, nakaa ndani na mtoto zile dakika mbili kabla ya kuzima. Sijui ninatunza gari au ninakutunzia nafasi. Naogopa turbo ikifa utakosa cha kuulizia. Halafu nakasirika: kumbe hilo ndilo linalokufanya upige? Halafu nausikia mluzi, naogopa upya. Kuna siku natamani life kabisa nijue moja.

Kwa hiyo nisikilize. Hakuna atakayeing'oa turbo, na nilichoharibu nitakitengeneza kwa mikono yangu. Lakini ukipiga tena ukaanza na gari, nakata. Anza na mtoto, kisha mimi, gari lisubiri zamu yake. Na uniambie kama unarudi, hata kama jibu si zuri. Kutokujua kunanichosha kuliko kuamka na mtoto.

Anayekuletea barua ni yuleyule dereva wa oili. Anajuta, kasema lolote utakalompa atalifikisha. Kaa salama, na usilale na nguo zenye grisi, kifua chako nakijua.

Mkeo,
Mama Sekela

Vya kumpa dereva: oili halisi ya gari letu, lita tano, namba ya oili hiyo uiandike kwa kalamu juu ya kidumu. Filta moja. Washa mbili za shaba, vile vipete vya bomba la oili la turbo. Klipu nne za mabomba, zile za kubana kwa bisibisi. Na viatu vya Sekela, namba ishirini, vyenye soli ngumu. Anatembea, wiki ya tatu sasa. Hukuuliza.