Kila Mtu na Mrija Wake

Mshauri mpendwa, nisaidie, na usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mwandiko huu ni wa mtu aliyeacha shule pale mwalimu alipoanza kuchanganya hesabu na herufi.

Mimi ni mzee wa Gatsata, mke wangu Nyirarukundo anapika pombe ya mtama na watu wanakuja kuinywa uani kwetu, sasa ametujia binti wa chuo, Médiatrice, anasema anatafiti jinsi watu wa kawaida wanavyouishi Unyarwanda wao kila siku, na hana karatasi ya maswali kama wale wa sensa, anakaa tu na Fanta yake na karedio ka kaseti kanakonasa sauti, anatusikiliza, nikaona nimsaidie, nikamwambia Mnyarwanda wa kweli hukohoa kwa nguvu kabla ya kuingia uani kwa mtu, kesho yake tukasikia kikohozi nje mpaka mke wangu akatoka na asali.

Basi siku moja akauliza kwa adabu kabisa, “Mzee, chungu ni kimoja, mbona kila mtu anachomoa mrija mfukoni? Kwetu mrija ulikuwa mmoja, unazunguka.”

Nikamjibu, “Binti, meno yametuishia, tunaogopa kubadilishana yaliyobaki.”

Watu wakacheka, ila Nahimana, fundi baiskeli, rafiki yangu tangu ujana, hakucheka, akasema, “Mwambie ukweli, muzee. Tangu vita ianze kule mpakani tunaogopa kuwekeana sumu.” Uani pakawa kimya, maana mimi na Nahimana vitambulisho vyetu havisomi kabila moja na hatujawahi kuligusa neno hilo hata tukiwa tumelewa, Nahimana akaufuta mrija wake, akaondoka, hajarudi.

Sasa binti yake Kaliza anaposwa mwezi huu, na mimi ndiye niliyeombwa kuwa msemaji wao, kuwahangaisha wakwe kwa maneno mpaka watoe jasho, kazi niliyozaliwa nayo, lakini nasikia wanatafuta msemaji mwingine. Mke wangu anasema, “Mfukuze huyo mtoto na kaseti zake, ndiye aliyetuletea maneno.” Na yeye Médiatrice anataka kwenda kwa Nahimana kumuuliza zaidi. Nimfukuze?

Ndihokubwayo, Gatsata

*

Mzee Ndihokubwayo, pole. Sasa acha ujanja.

Médiatrice hakuleta maneno. Aliikuta mirija mifukoni, akauliza. Ninyi mlikuwa mkiiona kila jioni na mkajifanya ni usafi. Rafiki yako alisema kweli mbele ya watu, na wewe, bingwa wa maneno wa Gatsata, ukanyamaza. Angalau ungemtania! Kimya chako ndicho kilichomtoa uani.

Halafu nimeisoma barua yako tena. Umetaja mirija ya wote. Wako uko wapi, mzee? Usinijibu mimi. Tia mkono kwenye koti. Kabila kwenye kitambulisho uliandikiwa na ofisi. Huo mrija umeukata mwenyewe.

Usimfukuze binti. Mwambie asiende kwa Nahimana kabla yako, na baada ya hapo Nahimana mwenyewe ndiye wa kuamua kama anataka kuongea. Maneno yake yaliyo kwenye ile kaseti, ayaombee ruhusa au ayafute, na majina yenu asiyaandike popote. Siku hizi sauti ya mtu si kitu cha kuachwa mezani. Na umwambie ukweli kuhusu kukohoa, kabla hajakuandika kwenye kitabu.

Kisha mwambie Nyirarukundo akujazie kibuyu. Nenda kwa Nahimana mchana, majirani wakuone. Chukua mrija mmoja tu. Onja wewe kwanza mbele yake, kama mleta pombe anavyopaswa, kisha mpe mrija huohuo. Akiupokea, ongeeni habari za Kaliza. Asipoupokea, kaa hapohapo, usiseme mzaha hata mmoja, na kesho urudi.

Ukifika uani kwake, kohoa. Ajue ni wewe.

Mama Athanasie