Mke wa Kaburi

Mama,

Fuu. Ndiyo sauti iliyobaki. Si nyimbo zako za Sabato, si kikohozi cha wiki zile za mwisho. Ni namna ulivyopuliza chaki vidoleni kila ulipomaliza kuandika neno ubaoni, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa la moto na ulitaka lipoe kabla ya kuwapa kina mama. Hata hospitalini, vidole vikiwa safi, ulipuliza. Muuguzi alidhani kucha zinakuuma. Sikumweleza.

Darasa lipo bado. Jumatano, soko la Ndhiwa likianza kulegea, wanakuja na beseni zao tupu na kuketi kwenye mabenchi ya chumba kile cha kanisa, nami nawafundisha Kiingereza cha karatasi kama ulivyokuwa ukifanya: jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mlezi, sahihi. Nimechoka, Mama. Sijui uliwezaje, na kutwa nzima umeshinda na watoto wa darasa la kwanza. Mimi nina digrii, na nikimaliza kufuta ubao nataka kulala palepale sakafuni. Wananiita Nyar Mwalimu, binti wa mwalimu. Hawajaanza kuniita mwalimu.

Unamkumbuka Nyar Karungu. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu anatoka huko Karungu, ziwani, na dagaa zake za omena. Mumewe alikufa muda mfupi kabla yako. Sasa binti yao, Akoth, ameitwa shule ya upili, na Nyar Karungu alijaza fomu ya basari, ya kusaidiwa karo, kwa mkono wake, kwa Kiingereza, bila kumwomba mtu wa saiba, yule wa kompyuta, amjazie. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyemzaa. Kisha fomu ikarudi. Alikuwa ameambatisha cheti cha kifo cha mumewe, lakini penye hali ya ndoa alitia tiki kwenye "married". Karani akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, mume amekufa na bado umeolewa. Umeolewa na nani?"

Akamjibu, "Na huyo huyo."

Alipotusimulia Jumatano, darasa lilicheka hadi Mama Quinter akajishika mbavu. Nyar Karungu mwenyewe alicheka. Lakini nilipomwambia arekebishe, atie tiki kwenye "widowed", alikifunga kifuniko cha kalamu.

"Nyar Mwalimu, hiyo neno inakaa window. Mimi si dirisha, ati kila mtu apite akichungulia."

Wakacheka tena, kisha kicheko kikafa, maana sote tunajua nani anachungulia. Shemeji yake ameshaanza kupita pale nyumbani, anauliza kama paa linavuja.

Nilijua wewe ungesema nini. Kila ulipofika kwenye neno hilo ulisema, "Fomu haikuulizi moyo. Inauliza kilichopo." Nao wakaandika. Basi nikalisema, kwa sauti yako kabisa, hata mkono nikauweka kiunoni kama wewe. Nyar Karungu aliivuta fomu yake.

"Kwetu mimi ni chi liel," akasema. "Mke wa kaburi. Mke, umesikia? Kaburi haijavunja hiyo ndoa."

Akaikunja fomu, akaifunga kwenye leso, akaondoka na beseni lake. Mwisho wa kurudisha ulikuwa Ijumaa. Bila basari Akoth angebaki ufukoni kuanika omena, na yeye ni mtoto anayesoma hata maandishi ya pakiti za chumvi.

Nilirudi nyumbani na hasira. Kwanza kwake. Halafu kwako. Kwa sababu siku ile tulipokupeleka hospitali, nikijaza fomu juu ya goti, nilifika penye hali ya ndoa nikataka kutia tiki kwenye "widowed", na wewe ukanishika kiganja. "Andika married." Baba alikufa nikiwa darasa la nne, Mama. Nikasema, lakini... Ukasema, "Andika." Nikaandika. Umewaandikisha wanawake wangapi neno lile, na wewe mwenyewe likakushinda. Kwa nini hukuwaambia? Kwa nini hukuniambia mimi?

Alhamisi nilikwenda Karungu. Nilimkuta akigeuza omena juu ya nyavu, Akoth kando yake na reki. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia tu kwamba Mwalimu alikufa akiwa "married", kwamba lile neno alilowafundisha hakulikubali hata hospitalini. Nilidhani ataniona nimekuvua nguo.

Aliacha kazi. "Kumbe Mwalimu! Mjanja huyo!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Kisha akasema, "Basi ile yetu yeye ameshaandika. Wacha mimi niandike ya serikali."

Aliosha mikono ziwani, akaifuta kwa leso, akalitaja jina la mumewe kwa sauti ndogo, akatia tiki. Ijumaa asubuhi Akoth aliipeleka fomu mwenyewe. Jibu bado. Lakini imepokelewa.

Nilitarajia kurudi mwepesi. Sikurudi hivyo. Mimi pia nilikuwa na karatasi yangu, fomu ya mafao yako ya ualimu, na nilikuwa nimeijaza yote isipokuwa mahali pamoja: hali ya ndoa ya marehemu. Nikiandika ulivyotaka wewe, wanataka mumeo aje atie sahihi. Nikiandika wanavyotaka wao, ni mimi, mtoto wenu, ninayekutenga na Baba kwa kalamu ya bluu. Usinicheke. Nilikaa na kile kisanduku kitupu kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Sasa nielewe. Sitamwambia mwanamke yeyote tena kwamba fomu haimuulizi moyo. Inamuuliza, Mama, na wewe ulijua. Nakuahidi nitawaachia nafasi walitaje kwanza neno la Kijaluo, chi liel, na kumtaja aliyekufa, hata kama somo litachelewa na soko kufungwa. Ndipo waandike.

Lala basi. Kaburi lako liko kushoto kwa mlango wa nyumba, la Baba kulia, kama inavyopasa kwetu, na nyasi za upande wako nimezikata.

Jumatatu nilikwenda Homa Bay kupeleka fomu ya mafao yako. Kwenye foleni nilisema jina la Baba, kisha lako, taratibu, mpaka mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka. Nilipofika dirishani nilitia tiki kwenye "widowed". Karani aliipitia fomu yote, akaigonga muhuri, akamwita anayefuata.

Binti yako,
Awuor