Jani Lililokunjwa Kama Msibani

Linden, Columbus, Ohio
Jumapili, 18 Septemba 2016

Mpendwa Mjomba Gaudiosi,

Najua salamu hutangulia, lakini nikianza nazo nitaogopa kuendelea. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Kila siku nikitoka shule nasimama kwanza nje ya mlango wetu, nasikiliza kama Mama anakohoa, ndipo naingia. Naogopa siku moja nitamkuta amekufa.

Sasa shikamoo, Mjomba. Mgongo unaendeleaje na kazi ya kiwandani? Mama Yudita na watoto hawajambo?

Tangu Baba aende Louisville kutafuta kazi ya ghala, simu yake haipokelewi. Mama ameacha kazi, hatoki kitandani, hafungui pazia. Chakula anaonja tu. "Kula wewe, Delfi, mimi nimeshiba." Kanisani wakimuulizia, najibu yuko kazini.

Jana Reshma, rafiki yangu wa maktaba ya shule, alinialika kwao Clintonville kwenye Onamu, sikukuu yao ya mavuno. Wao ni watu wa Kerala, kusini mwa India. Husimulia kwamba zamani walitawaliwa na mfalme mwema, Mahabali, na katika nchi yake hapakuwa na njaa wala uongo. Miungu ikamwonea wivu, akashushwa chini ya ardhi. Aliomba jambo moja: arudi kila mwaka awaone watu wake. Basi humpangia maua kwa duara mlangoni, na hupika karamu hata kama ni kwa kuuza shamba, asije akawakuta na huzuni.

Tulikula wali na mboga za kila aina juu ya majani ya mgomba. Nilipomaliza nilikunja jani langu kwa kulisukuma mbele, nisichafue gauni. Watu wakanigeukia. Bibi yake Reshma akasema kitu, Reshma akanitafsiria: "Wewe mtoto, nani amekufa? Hivyo tunakunja msibani. Ukishiba, likunje lije kwako." Akanikunjia upya, huku akicheka. Nikalia mbele ya wageni.

Mjomba, yule mfalme hufichwa shida. Wewe sitaki kukuficha. Usingoje Krismasi. Njoo utuone tulivyo. Mama ni dada yako wa tumbo moja, mimi hanisikii. Kwa simu siwezi, kuta zetu ni nyembamba, Mama atasikia.

Nisalimie Mama Yudita, Yudita mwenyewe na mzee Aloisi. Mungu akutangulie njiani.

Jana niliporudi nilisikiliza mlangoni. Akakohoa. Nikafungua pazia moja, nikapika maharage, nikakaa sakafuni kando ya kitanda mpaka akala kidogo. Leo baada ya misa nimechuma maua ya njano yanayoota kando ya maegesho, nikayapanga kwa duara mlangoni petu. Mama ameyaona kupitia dirisha, akauliza ni ya nani. Nimemjibu ni ya kaka yake, anakuja.

Ni mimi mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Delfina