Chanjo Ilikuwepo, Mdogo Wangu Akaona Muhali

Kasulu, Jumatano, Septemba 2013. Vumbi tupu, moshi wa mashamba yanayochomwa, na mvua haina hata dalili.

Leo darasa la saba wanaanza mtihani. Mwanangu Zuhura hayumo.

Yuko chumbani amejikunja, macho manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Homa ya ini. Uji akinywa unarudi, akisimama anashika ukuta. Penseli nilizomchongea bado ziko dirishani pamoja na ufutio wake. Mwalimu anasema huenda akaufanya mwakani. Baba yake anasema mwakani ni mbali, akipata nafuu akae dukani apime sukari. Namjua mume wangu. Mtoto wa kike akishazoea mizani ya duka, shule anaiona kwa mbali tu.

Nimelia kwa hilo tangu juzi. Kumbe kilio chenyewe kilikuwa bado.

Asubuhi mdogo wangu Mwanaidi, aliyeolewa Dar, kapiga simu kutoa pole. Pole ndefu, ya kikwetu, na Mungu kila neno la pili. Mara ulimi ukamteleza. "Dada, namshukuru Mungu Yahya wangu nilimuwahi."

Nikamuuliza, ulimuwahi na nini?

Akaanza kuniuliza habari za mvua. Hapo nikajua kuna jambo.

Sikukuu ya Idd, mwezi uliopita, Mwanaidi alikuja kwetu na wanawe wawili, Salma na Yahya. Nilipika pilau, nikawapakulia watoto sinia moja. Anitha, binti wa jirani, naye nikamwita, maana Idd haina ubaguzi. Wakanawa kwenye bakuli moja kama tunavyonawa siku zote, mkubwa kwanza, wadogo mwisho, maji yakiwa yameshageuka rangi ya chai. Tunaita huko ni kunawa.

Siku chache baadaye macho ya Anitha yakawa manjano. Mtaani ugonjwa ulikuwa umeshaanza, watoto kadhaa wa shule walikuwa wameshalala. Mwanaidi akafunga mizigo ghafla, eti shemeji yangu kampigia simu anamtaka nyumbani. Nikamfungia karanga na maharage ya safari. Nikamsindikiza hadi stendi, mjinga mimi.

Kumbe Salma alishachanjwa homa hiyo zamani, huko huko Dar, hospitali ya kulipia. Yahya alikuwa bado. Alipofika tu akampeleka. Daktari akamwambia chanjo ikiwahi ndani ya wiki mbili tangu mtoto akutane na mgonjwa, mara nyingi inamkinga. Si lazima, lakini mara nyingi. Yahya akachomwa sindano. Leo hii anacheza mpira.

Sinia moja. Bakuli moja. Wawili wazima, wawili wagonjwa.

Na mimi hapa nilishauliza! Nilikwenda zahanati Anitha alipougua. Nesi akaniambia ile chanjo ya watoto wachanga inakinga homa ya ini ya aina nyingine, hii ya sasa haimo katika chanjo za serikali, nichemshe maji na watoto wanawe kwa sabuni. Nikarudi nikiamini haipo duniani. Nilichemsha maji mpaka kuni zikaisha. Zuhura alikuwa ameshakula pilau.

Nimemuuliza Mwanaidi kwa nini hakunipigia siku ile ile. Bado kulikuwa na nafasi. Ningepanda basi la alfajiri na mwanangu, ningelala sakafuni kwake, ningeuza hata cherehani.

"Niliona muhali, dada. Ningekwambiaje nyumba yako ina maradhi, na umetupokea vile?"

Muhali! Ati muhali! Mtu anakula pilau langu, anachukua karanga zangu, anamwahi mwanawe, wangu anamwachia adabu. Nimekata simu. Kapiga tena, sijapokea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi hiki nilikilea mgongoni mwangu, mama akiwa shambani.

Nina hasira naye, na sijui itaisha lini. Sitaki hata iishe haraka.

Mchana kaja wifi yangu kutoka Titye kumjulia hali mgonjwa, na mwanawe mdogo anayejifunza kutembea. Kikombe cha uji cha Zuhura kilikuwa pale mkekani, kimebaki nusu. Wifi akakichukua amnyweshe mwanawe. Kwetu hakuna ajabu, mtoto wa ndugu ni wako.

Niseme ukweli wangu. Nilimwona ananyanyua kikombe, na kitu cha kwanza nilichowaza ni watasema nini Titye.

Nikakinyakua. Uji ukamwagika kwenye khanga yake. Nikamwambia, wifi, hiki usimpe, hapa leo msile wala msinywe, nenda kamnawishe kwa sabuni, tena maji ya kumiminiwa.

"Yebaba we! Nafukuzwa kwa kaka yangu!"

Kaondoka hajakaa hata robo saa. Jioni habari itakuwa imefika kwa mama mkwe, na chumvi yake juu. Waache waseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina mtoto wa kuumbuliwa naye.

Sasa hivi wanafunzi wanarudi. Nawasikia tangu kona ya mashine ya kusaga, wanabishana kwa sauti jibu la hesabu ya mwisho, huyu anasema hivi, yule anasema umekosa. Wamefika mlangoni kwetu wakanyamaza wote, wakapita wakiangalia chini.

Nao wameona muhali.

Zuhura kaniita kutoka chumbani. "Mama, mbona wamenyamaza? Waite. Nataka kujua hiyo ya mwisho ilikuwaje."

Naweka chini simu ninayoandikia haya. Nakwenda kuwaita.