Mafumbo ya Kagendo

Dada Karimi,

Viazi vyako tumevitoa ardhini, vikubwa kuliko ngumi yangu, na mgongo bado unaniuma. Unajua mwalimu akishika jembe: ndoo moja, halafu anatafuta pa kukaa. Binti yako Kendi alinicheka kwa kicheko chako kilekile, ikabidi nigeuke nitazame mlima.

Lakini sikuandikii habari za viazi. Nakuandikia juu ya mdogo wetu Kagendo, ambaye nusura nimpoteze, na lawama kidogo ni yako. Uliondoka bila kuniachia mtu wa kunisomea status za watu kwenye simu.

Unakumbuka? Mtu akiandika tu "wengine wanajiona sana," mimi naona ndiye ninayesemwa, nasukuma sahani kando. Nakupigia huko Timau, unacheka kwanza, halafu unasema: "Hiyo ni ya mwenyekiti wa kwaya. Si yako, Mwenda. Kula chakula." Nami nakula. Miaka yote hiyo ulikuwa unanilisha kutoka mbali.

Basi tulipokuzika, Kagendo alirudi kwake Kiritiri, kwenye joto lake na ndengu zake, na wiki haijaisha akaanza na status zake. "Kuna mtu ameondoka mapema, ameniachia mzigo wote." Nikashtuka. Siku ya mazishi niliondoka mapema kweli, kurudisha viti vya shule Kaaga kabla lango halijafungwa. Kesho yake: "Ulisema utakuja msimu wa ndengu. Nilipika, nikangoja." Sasa ni nani humwahidi kila mwaka kwamba atakwenda kula ndengu? Si mimi? Halafu ile ya "Napiga, hushiki," na kale kauso kanakolia. Nikasema huyu ananidhihaki.

Unanijua. Badala ya kupiga simu nikajibu kwa status, kama mtu mzima aliyesoma chuo. Nikaanza na Zaburi, zile za Daudi akiwa na maadui. Nikaongeza "Mungu anaona" na picha ya jua likizama. Mke wangu Nkatha akanitazama. "Baba Mutwiri, si umpigie tu? Ama Daudi ndiye atakupigia?" Nikamwambia haya ni mambo ya hekima. Akasema hekima gani, na chai imepoa.

Tukaacha kuongea kabisa. Hebu fikiria, Karimi. Tumebaki wawili tu kwa Mama, na tunatupa maneno hewani, kila mmoja anachungulia kama mwenzake ameona. Kendi alipotuita tuje kuvuna, sikuwa na hakika Kagendo angekuja.

Alikuja. Makoti mawili, anaikemea baridi ya Timau kama mtoto mkorofi. Tukavuna asubuhi nzima kila mmoja kwa mstari wake. Kendi akachoma viazi kwenye majivu kando ya shamba, tukakaa. Moyo ukanijaa. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya mbele ya darasa: "Kagendo, kama una neno na mimi, nitaje kwa jina."

Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Wewe? Kwani ni nani alikuwa anaongea na wewe?"

Akatoa simu kwa vidole vyenye udongo, akafungua majina ya walioona. La kwanza langu, aibu iliyoje. Chini yake: Dada Karimi.

Alikuwa Kendi. Simu yako anaiweka yeye, na kila kinachoingia anakifungua, hawezi kukiacha. Kagendo analijua hilo. "Najua ni mtoto," akasema. "Lakini linalotokea ni jina la dada. Naandika, nangoja, linatokea. Naona ni kama..."

Aliyeondoka mapema ni wewe. Aliyepikiwa ndengu na kungojwa ni wewe. Watu wawili mnaongea mambo yenu, mimi nimekaa katikati na Zaburi za maadui.

Nikaanza kuomba radhi. Kagendo akapangusa kiazi kwenye koti, akakivunja, akanipa nusu iliyo kubwa. "Hazikuwa zako, Mwenda. Kula viazi."

Nikala na majivu yake yote. Ndipo nilipolia, dada. Sikulia siku ya kaburi, nilikuwa na shughuli ya viti.

Sasa nakuacha upumzike. Usihangaike na Kendi, likizo atakuwa kwetu na Nkatha ameshamtengea kitanda. Na ahadi yangu ni hii: nikiwa na neno na Kagendo nitampigia simu, na nikiwa sina neno nitampigia vilevile.

Asubuhi ya leo ameweka nyingine. "Kuna mwalimu mmoja huahidi kuja kula ndengu kila mwaka." Na kauso kanacheka.

Hii sihitaji kusomewa, Karimi. Hii ni yangu. Nakwenda kula.

Ndugu yako,
Mwenda