Mkaa Ulioshiba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Morogoro. Tarehe 14/06/2025, saa 7:20 mchana.

Jina: Mwanvita Pazi. Umri: miaka 43. Kabila: Mluguru. Dini: Mwislamu. Kazi: kutengeneza mkaa wa vifuu vya nazi wa kuchujia majitaka. Makazi: Kihonda.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kama ifuatavyo:

Leo Jumamosi, saa 2 asubuhi, nilikuwa kwenye bwawa la majitaka la mradi wetu pamoja na Geofrey, mtaalamu wa maji, maabara ilipopiga simu. Majitaka yale yana sumu za zamani za kuulia wadudu, zile zisizooza, zinazoishia kwenye mchicha wa bondeni. Majibu yalikuwa hivi: katika kila sehemu mia za sumu zilizoingia kwenye chujio langu la mkaa, zimetoka sita. Sita! Nilipiga vigelegele peke yangu. Miaka mitatu naitwa Mama Masizi, tanuru nimelijenga mwenyewe, na siku ya ushindi hakuna aliyekuja kunipa mkono ila Geofrey, naye mikono yake ilikuwa na tope.

Geofrey akauliza, "Mama, na zile tisini na nne?"

Nikamjibu, "Zitakuwa wapi tena? Zimo kwenye mkaa."

Tukageukia banda tunamoweka mkaa uliokwisha kazi ukisubiri kwenda kuteketezwa kwenye tanuru maalumu la sumu. Banda tupu. Yalikuwa magunia saba.

Nilimpigia mlinzi wetu, Abuu Luqmani. Nilisikia ngoma. Akasema, "Shikamoo mama, niko Kingolwira, dada yangu anaolewa." Nilipomuuliza kuhusu magunia, akakata simu.

Geofrey alinipakia kwenye pikipiki yake. Tulifika saa 3 na dakika 10. Uwani nilimkuta mpishi, Bi Asia, shangazi yake Abuu, ameshika kiberiti. Mkaa wangu ulikuwa umepangwa chini ya masufuria ya pilau na kumwagiwa mafuta ya taa. Nilinyakua ndoo ya maji yaliyooshewa mchele nikaimwaga yote mekoni.

Bi Asia akafoka, "We mwanamke, umetumwa na nani kuiharibu harusi hii?"

Mpishi mwingine akasema, "Kama hukualikwa si ungeomba tu sahani!"

Niliwaambia mkaa huo umekunywa sumu, na ukiwashwa moshi wake utawaingia wao na watoto wao. Bi Asia alikifunga kiberiti kwenye pindo la khanga, akaita, "Abuu! Hebu njoo uwaambie wageni umewaletea nini."

Abuu akaniambia, "Mama, si umeandika mwenyewe kwenye magunia, UMESHIBA? Nikajua ni ule mzito, unaokaa motoni."

Kwetu kazini, mkaa ulioshiba ni uliojaa sumu, hauwezi kunyonya tena. Geofrey alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Neno langu halina kosa.

Magunia yote saba yamepatikana, hakuna kipande kilichowaka. Pilau lilipikwa kwa kuni, nami nimesimama palepale. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyewaita polisi.

Afande ameniuliza kama Abuu alikusudia kudhuru watu. Hapana. Pilau lile angelila yeye na mama yake. Ameniuliza kama alikusudia kuiba. Magunia saba hayapandi guta yenyewe kwenda harusini.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi, sina la kupunguza.

Sahihi: M. Pazi

Yameandikwa nami, Koplo Hosiana. Magunia 7 yamepokelewa kuwa vielelezo. Kwa msisitizo wa shahidi, yamewekwa mbali na jiko la kituo.