Fumua Mpaka Palipolegea

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Bagamoyo tu wazima, na mguu wa babu yako umepungua uvimbe.

Umeuliza kama uache fizikia kwa kuwa umeanguka mtihani wa somo lake la kwanza, au muhula ujao ulirudie pamoja na la pili ili wenzako wasikuache.

Nilipokuwa msichana nilisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kwa ajili ya mkeka wa harusi ya dada yangu. Nilikuwa nimefika mbali shangazi alipoupitisha mkononi, akakuta mahali pamelegea.

"Fumua."

"Shangazi, harusi imekaribia!"

"Ukishonwa hivi, mkeka utapinda. Unataka bwana harusi abiringike?"

Nililia, kisha nikaanza kuufumua wote kwa hasira. Akanishika mkono.

"Nani kakwambia wote? Fumua mpaka palipolegea. Huku mwanzoni umesuka vizuri."

Tulimaliza kuushona asubuhi ya harusi, nao ukalala sawa sakafuni.

Basi usiache fizikia. Uliandika kwamba ulianza kupotea kwenye vekta, anzia hapo. Muhula ujao rudia somo la kwanza pamoja na hisabati zake, na la pili lisubiri, hata wenzako wakitangulia. Kemia uliyofaulu haina haja ya kurudiwa.

Dada yangu bado ameuhifadhi mkeka ule. Ukija likizo tutaukunjua, upatafute kwa vidole pale nilipofumua. Mimi mwenyewe sipaoni tena.

Nakuombea kheri katika masomo yako.

Bibi yako,
Mwanaisha